Pikipiki katika Njia ya Misafara: Uimara na Matunzo ya Vyombo vya Porini Mkoani Tabora

Katika karne ya kumi na tisa tatizo kubwa la uchukuzi katika Unyamwezi halikuwa umbali wa safari, bali uhai wa kile kilichochukua mzigo. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ulikuwa wa kilometa zipatazo 1,200. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na ulipo mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba. Stanley, ambaye alikuwa na haraka zaidi, alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akaingia Kwihara mwezi wa Juni, ilhali farasi wake na punda wake wengi walikwisha kufa njiani. Kila mnyama aliyejaribiwa alishindwa. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa mwaka 1877. Ng'ombe wakafa kwa nagana, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne waliokwisha fundishwa kazi, wakaletwa kutoka India na kushushwa Msasani, ili wachukue mizigo mpaka ziwani. Baada ya miezi michache wengi wao walikuwa wamekufa. Tembo hakukosa nguvu. Sababu zilizotajwa zilikuwa chakula asichokizoea na mizigo iliyozidi kiasi.

Aliyefaulu alikuwa mpagazi. Mzigo wake ulikuwa wa kilo 30 hivi, si zaidi sana, na alijua kuukataa uliozidi. Alipougua msafara ulimwacha kijijini na mwingine akashika mahali pake. Kwa lugha ya wahandisi, msafara ule ulikuwa mtambo ambao kila kipuri chake kiliweza kupatikana njiani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikaisha. Lakini reli ni mstari tu, na Mkoa wa Tabora una eneo la zaidi ya kilometa za mraba 76,000, mkubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania. Lami nayo imeenea katika barabara kuu, hasa tangu miaka ya 2010. Hata hivyo, mtu anayekwenda kwenye mizinga ya nyuki katika miombo ya Sikonge, kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, au kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya mbuga, hupita juu ya mchanga, matuta na tope. Baiskeli ilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na bado inaifanya. Pikipiki iliingia kwanza kama chombo cha mabwana shamba, waganga, mapadre na askari wa wanyamapori. Baadaye, katika miaka ya 2000, zikaja kwa wingi zile za bei nafuu kutoka China na India, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za pikipiki za abiria. Leo mama mjamzito, gunia la mahindi, dumu la asali na sanduku la chanjo vyote husafiri juu ya magurudumu mawili. Swali la mwaka 1879 limerudi kwa sura nyingine: ni chombo gani kitakachodumu, na kwa matunzo gani?

Chombo hodari kisichofaa

Ikiwa shida ni mawe, magogo na tope, mwanafunzi aweza kudhani kwamba jawabu ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya mambo hayo hasa. Aina hiyo ipo. Katika Ulaya yamekuwako kwa muda mrefu mashindano ya majaribio ambayo hayapimi mbio. Mwendeshaji hupita juu ya miamba, vijito na mizizi kwa mwendo wa pole, na kila agusapo ardhi kwa mguu huhesabiwa kosa. Yale ya siku sita ya Scotland yalianza mwaka 1909, na ubingwa wa dunia ukaanzishwa mwaka 1975. Mwaka 1965 Sammy Miller alishinda huko Scotland akitumia Bultaco, pikipiki ya Kihispania yenye injini ndogo ya mapigo mawili na uzito usiofika kilo 100. Zile nzito za mapigo manne zikaanza kuachwa. Za siku hizi zina uzito wa kilo 70 hivi. Hazina kiti cha maana, kwa kuwa mwendeshaji husimama wakati wote. Tangi huchukua lita mbili au tatu tu. Tairi la nyuma hujazwa upepo kidogo sana, kiasi cha theluthi moja ya kanieneo ya angahewa, ili lilale juu ya jiwe na kulishika.

Kwa kupanda mwamba hakuna chombo kinachoishinda. Walakini imeundwa kwa mtu ambaye jioni huirudisha karakanani, akaifungua, akaiosha na kuifunga tena. Chujio la hewa husafishwa baada ya kila shindano. Oili ya gia hubadilishwa baada ya saa chache za kazi. Viungo vya nyuma hufunguliwa na kutiwa grisi mara kwa mara. Matunzo yake huhesabiwa kwa saa, si kwa kilometa. Tena, petroli yake haitoshi kumfikisha mtu Sikonge, mwendo wa kilometa 70 hivi, na kumrudisha Tabora.

Hapo ndipo hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Uwezo ni kile ambacho chombo kinaweza kufanya siku ya kwanza. Uimara ni uwezekano kwamba kitafanya kazi ileile siku ya mia mbili, mikononi mwa mtu wa kawaida, kwa vifaa vilivyopo. Waandaaji wa mbio za kwanza za Paris hadi Dakar walipata fundisho la namna hii jangwani. Mshindi wa mwaka 1979, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT500: silinda moja, kupozwa kwa upepo, kuwashwa kwa teke. Chombo hicho hakikuwa na kitu chochote cha kustaajabisha, na kwa sababu hiyo vya kuharibika vilikuwa vichache.

Kijiko cha mchanga

Adui wa kwanza wa injini katika Unyamwezi haonekani vizuri. Udongo mwingi wa nchi hiyo umetokana na kulika kwa miamba ya itale, na itale ikilika huacha chembe za madini ya kwazi. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambacho almasi ina 10, kwazi ina 7. Chuma cha kawaida kina 4 au 5, na aluminiamu, ambayo ndiyo asili ya pistoni, 3 hivi. Kwa hiyo kila chembe ya vumbi la Tabora ni patasi ndogo yenye uwezo wa kukwaruza karibu kila kitu kilichomo ndani ya injini.

Msomaji aweza kukadiria mwenyewe wingi wake. Achukue injini ya mapigo manne yenye ujazo wa sentimeta 125, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Injini ya namna hiyo huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 2,500 kwa dakika. Silinda haijai kabisa mwendeshaji asipokaza mafuta. Ichukuliwe kwamba hujaa nusu. Hewa inayoingia itakuwa lita 156 kwa dakika, au mita za ujazo 9.4 kwa saa. Sasa ikadiriwe kwamba nyuma ya lori wakati wa kiangazi kila mita ya ujazo wa hewa ina vumbi la sehemu mbili za kumi za gramu. Katika saa nne za safari injini itakuwa imevuta gramu 7.5 za vumbi, nazo ni ujazo wa sentimeta 5 hivi. Hicho ni kijiko cha chai kilichojaa mchanga, kila siku.

Kinachozuia kijiko hicho kisifike katika silinda ni chujio tu. Katika pikipiki nyingi za porini chujio ni sponji iliyolowekwa oili. Chembe hunasa juu ya utando wa oili hata kama matundu ya sponji ni makubwa kuliko chembe yenyewe. Sponji kavu haichuji ipasavyo, na jambo hili mafundi wengi wapya hawalijui: huiosha vizuri, wakairudisha bila oili. Kanuni ni kuiosha kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, kuikausha, kuiloweka katika oili safi, kuikamua pasipo kuisokota, na kupaka grisi ukingoni ili hewa isipenye pembeni. Petroli haifai kwa kuosha, kwa sababu ya hatari ya moto na kwa kuwa hulegeza gundi.

Wako waendeshaji ambao hulitupa chujio kabisa. Wana sababu, nayo si ya kipumbavu: chujio lililoziba hunyima injini hewa, pikipiki hukosa nguvu, na likitolewa nguvu hurudi papo hapo. Faida huonekana siku hiyohiyo. Hasara huja polepole, wala haiji na jina lake. Unene wa utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda ni elfu chache za milimita tu. Chembe iliyo kubwa kidogo kuliko hapo hupita katikati ikisaga pande zote mbili. Baada ya miezi kadhaa moshi wa buluu hutoka nyuma, injini huanza kula oili, na mwenyewe husema amenunua pikipiki mbovu.

Vumbi lililopenya huishia katika oili. Katika injini hizi ndogo oili ni lita moja hivi, na lita hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Lori lina lita nyingi za kugawana uchafu, pikipiki haina. Injini nyingi za aina hii hazina hata chujio la oili la kubadilishwa: zina wavu mdogo na bakuli linalozunguka pamoja na krenki, ambalo kwa nguvu ya mzunguko hutupa uchafu ukutani, kama maziwa yanavyotenganishwa na siagi katika mashine. Bakuli likijaa, halitupi tena. Ni lazima lifunguliwe na kupanguswa, na si karakana nyingi zinazolikumbuka.

Mnyororo, spoki na matuta

Mnyororo wa pikipiki ni kitu cha ajabu ya ufundi, lakini umefungwa mahali pabaya kuliko pote: nyuma ya gurudumu la mbele, karibu na ardhi, katikati ya mawimbi ya mchanga. Hauvutiki kama watu wasemavyo. Pini zake na bushi zake husagika, kila kiungo kikaongezeka sehemu ndogo ya milimita, na jumla ya maongezeko hayo ndiyo huonekana kama kurefuka. Umbali wa kawaida kutoka pini moja hadi nyingine katika pikipiki ndogo ni milimita 12.7. Viungo 20 vya mnyororo mpya vitakuwa na urefu wa milimita 254. Vikifika milimita 259, yaani vimeongezeka kwa asilimia 2, mnyororo umekwisha, maana hauketi tena sawasawa katika meno na utayala nayo pia. Rula ya shule inatosha kwa kipimo hiki.

Kumwagia mnyororo oili chafu iliyotolewa katika injini ni desturi iliyoenea, na lawama yake si ndogo. Oili hiyo imejaa unga wa chuma tangu mwanzo, tena hushika mchanga wa njiani na kuufanya kinoo. Afadhali kuosha kwa mafuta ya taa, kutia oili nzito ya gia ndani ya viungo, kisha kufuta nje mpaka pakauke. Watengenezaji waliofikiria wakulima walikwenda mbele zaidi. Yamaha AG100, ya mapigo mawili, na AG200, ya mapigo manne, ambazo zilitumika sana katika miradi ya kilimo na afya barani Afrika, zimefungiwa mnyororo mzima ndani ya kasha. Kasha hilo halipendezi macho. Pikipiki nyingi za bei nafuu nazo huja na kifuniko cha mnyororo, na vijana wengi hukitoa wiki ya kwanza kwa kuwa hupiga kelele kikilegea.

Mnyororo ukazwapo kupita kiasi hudhuru kuliko ukilegea. Shokabzoba zikishuka kwa uzito wa abiria, umbali kati ya meno ya mbele na ya nyuma hubadilika. Mnyororo usio na nafasi huvuta beringi ya gia mpaka ivunjike. Nafasi ya sentimeta mbili hadi tatu katikati, kama kitabu cha chombo kinavyoagiza, ndiyo akiba ya beringi hiyo.

Kisha yako matuta madogo yanayojipanga kwenye barabara ya changarawe. Yakiwa na umbali wa sentimeta 60 kati ya moja na jingine, na pikipiki ikienda kilometa 40 kwa saa, gurudumu hutikiswa mara 18 na nusu kwa sekunde. Katika saa moja ni zaidi ya mara 66,000. Hakuna nati isiyolegea kwa mtikisiko wa namna hiyo. Spoki huchoka na kukatika shingoni, na moja ikikatika jirani zake huchukua mzigo wake nazo zikafuata. Njia ya kuzikagua ni ya bei rahisi. Spoki ni uzi wa chuma uliokazwa, na kama uzi wa zeze sauti yake hupanda kadiri inavyokazwa. Fundi huzigonga moja moja kwa bisibisi: iliyo nzima hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa mawimbi katika nyuzi hana haja ya kwenda mbali.

Masika nayo yana mambo yake. Udongo mweusi wa mbuga hunata kati ya gurudumu na bamba la matope mpaka gurudumu likome. Ndiyo maana pikipiki za porini zina bamba la mbele lililoinuliwa juu. Klachi huungua kwa watu wanaoishikilia nusu ili wajinasue. Katika mto, hatari ni maji kuingia katika tundu la hewa. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikikutana nayo mkono wake hupinda. Pikipiki iliyozima mtoni isiwashwe hata kidogo kabla plagi haijatolewa na maji kusukumwa nje kwa teke.

Ufundi wa kizamani uliorudishwa kwa makusudi

Katikati ya miaka ya 1970 Honda iliunda CG125, baada ya wahandisi wake kuchunguza jinsi pikipiki zinavyotumiwa kweli katika nchi za Asia zenye mafundi wachache na barabara mbaya. Waliona oili isiyobadilishwa, na mizigo iliyozidi kipimo. Injini za wakati ule zilizungusha kemshafti juu ya kichwa cha silinda kwa mnyororo mwembamba, na mnyororo huo ndio uliokufa kwanza oili ilipochafuka. Wahandisi hao wakarudi nyuma. Waliiweka kemu chini karibu na krenki, ikisukuma valvu kwa fito mbili. Mpango huo ulikuwa umekwisha kuonekana wa zamani, lakini uliondoa kipuri kimoja dhaifu. Nafasi ya valvu yake ni milimita 0.08, nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na hurekebishwa kwa spana na kipimo cha bamba kwa muda usiozidi nusu saa. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na mtindo wake unaonekana leo katika kila kijiwe cha bodaboda kutoka Igunga hadi Kaliua. Ubora wa chuma chake hutofautiana sana, lakini umbo ni lilelile, na kwa hiyo vipuri vyake vyaelekeana.

Kwa nini kuondoa kipuri kimoja ni jambo kubwa? Hesabu yake ni fupi. Chombo chenye viungo 25 ambavyo vyote ni vya lazima, kila kimoja kikiwa na uwezekano wa asilimia 99 wa kumaliza safari, kitamaliza safari kwa uwezekano wa 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 25, yaani 0.78. Katika kila safari 100, 22 zitaishia njiani. Viungo vikiwa 12 tu vya ubora uleule, zitakazoishia njiani ni 11.

Hata hivyo hesabu inayohusu Tabora zaidi ni nyingine. Pikipiki ya kwanza huharibika kila baada ya siku 60, lakini kipuri kipo dukani mjini na fundi huitengeneza kwa siku moja. Ya pili ni imara mara nne, huharibika kila baada ya siku 240, lakini kipuri chake huagizwa nje na kufika baada ya siku 60. Ya kwanza ipo tayari kwa kazi siku 60 katika kila 61, karibu asilimia 98. Ya pili ipo tayari siku 240 katika kila 300, asilimia 80. Ile iliyo dhaifu inamtumikia mwenyewe vizuri zaidi. Mashirika yanayonunua pikipiki kwa kusoma karatasi za nguvu za injini peke yake hayajafanya hesabu hii.

Asilimia hizo si mchezo wa namba. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na sanduku la barafu hulinda ubaridi kwa muda wenye kikomo. Muuguzi ambaye mnyororo wake umekatika msituni hapotezi siku moja ya kazi tu. Watoto waliokusanywa chini ya mwembe hurudi nyumbani, na mama aliyetembea kilometa 12 kuja yumkini hatatembea tena mwezi ujao.

Nani anayenunua oili

Kati ya sababu zote za pikipiki kufa mapema, iliyo kubwa haimo katika chuma. Kijana wa bodaboda aghalabu huendesha kwa mkataba: humpa tajiri kiasi maalumu kila wiki, na baada ya muda uliokubaliwa chombo huwa chake. Katika muda huo siku ya karakanani ni siku isiyo na hesabu, na oili mpya ni fedha inayotoka mfukoni mwake kwa ajili ya mali ambayo bado ni ya mwingine. Anapoipata hatimaye, huipata ikiwa imechoka. Kumwita mzembe ni rahisi. Mkataba wenyewe ndio umempa sababu ya kutokuitunza. Tajiri ambaye hutoa katika malipo ya wiki bei ya oili na chujio angeharibikiwa kidogo kuliko anavyodhani.

Upande wa miradi ya umma ugonjwa ni tofauti kidogo. Mfadhili hutoa pikipiki kumi kwa sherehe, lakini fungu la oili, matairi na minyororo halimo katika bajeti ya mtu yeyote. Mwaka 1988 Barry Coleman, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Randy Mamola, Mmarekani mshindani wa mbio za pikipiki, walikwenda Somalia, wakaziona pikipiki za kazi ya afya zimelala hali zingali karibu mpya, kwa kukosa matunzo madogo tu. Kazi waliyoianza ikawa shirika la Riders for Health, lililoundwa rasmi mwaka 1996. Katika milima ya Lesotho, kuanzia mwaka 1991, walipanga mambo mawili. Kwanza, mwendeshaji alifundishwa kuikagua pikipiki yake kila asubuhi, na fundi alimfuata kituoni kwake kwa ratiba, akabadilisha kipuri kabla hakijavunjika. Pili, gharama ilihesabiwa kwa kilometa: petroli, oili, tairi, mnyororo, fundi, hata akiba ya kununua chombo kingine. Pikipiki za wahudumu wa afya zikaenda miaka kadhaa pasipo hata moja kushindwa safari kwa kuharibika. Pikipiki zilikuwa za kawaida.

Ukaguzi wa asubuhi wenyewe hauzidi dakika kumi. Petroli itazamwe, katika vijiji huuzwa kwa chupa, na iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga ndani ya injini na kuipasha moto kupita kiasi. Udanganyifu huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuugundua. Kisha kimo cha oili, ulegevu wa mnyororo, waya za breki na klachi, upepo wa matairi, na nati moja moja kwa spana. Chini ya kiti pawe na plagi, kiungo cha kuungia mnyororo, viraka na pampu.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya watengenezaji havisemi, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya mchanga wa Unyanyembe: mnyororo hudumu kilometa ngapi kati ya Tabora na Sikonge wakati wa kiangazi, na ngapi wakati wa masika? Shule yoyote yenye kijiwe cha bodaboda mbele ya lango lake yaweza kulijibu. Pikipiki 20 zingetosha, kumi zenye kifuniko cha mnyororo na kumi zisizo nacho. Kila Jumamosi viungo 20 vipimwe kwa rula, namba ya kilometa isomwe, na vyote viandikwe katika daftari pamoja na tarehe, hali ya njia na oili iliyotumika. Kipimo kichukuliwe mnyororo ukiwa umekazwa kwa mkono, na daima mahali palepale, kwa sababu mnyororo hauliki sawasawa kila upande.